Mrushaji Akiumia, Anza na Hesabu ya Nafasi
Naishi Houston, na ndugu zangu wa Mombasa huniuliza mbona mchezaji wa besiboli aliyeumia kidogo tu anakosa mechi siku kumi nzima. Sababu ni nafasi. Timu ya Ligi Kuu ya Marekani huruhusiwa wachezaji 26 wa kucheza mechi kwa sehemu kubwa ya msimu. Ukimweka majeruhi benchi, unacheza pungufu.

Basi mwandikishe mapema kwenye orodha ya majeruhi, ili nafasi yake kati ya wale 26 ibaki wazi: angalau siku 15 kwa mrushaji (anayemrushia mpigaji mpira), 10 kwa wachezaji wengine, 7 kwa aliyepata mtikisiko wa ubongo. Kisha pandisha kijana kutoka ligi ya chini. Hakikisha kwanza yumo kwenye orodha kubwa ya klabu ya watu 40, ambayo wale 26 hutoka humo. Kama hayumo na imejaa, hapo orodha ya siku 60 ndiyo mkombozi, maana aliye humo hahesabiwi kati ya wale 40. Mrushaji aliyepasuliwa kano ya kiwiko, ambaye atakaa nje mwaka au zaidi, mpeleke huko bila kusita.

Kumrudisha majeruhi, tafadhali, usiwe na pupa. Acheze kwanza ligi ya chini: mrushaji huruhusiwa hadi siku 30, wengine 20. Mkono wa mrushaji ndio riziki yake. Mimi ningezitumia zote.