Mshono ukivuta kwenye shifoni, usikimbilie nati ya tensheni

Mwezi wa kwanza cherehani yangu haijui kitu kingine ila sare za shule: kaptura za khaki, sketi za marinda, mifuko ya kupigwa mshono mara mbili. Ramadhani ikikaribia, hapa Bondeni, Nakuru, kazi inageuka. Wanaanza kuleta madera, mitandio na magauni ya shifoni ambayo ukiyapulizia yanaruka. Mwaka mmoja nilitoka kwenye khaki nikaingia kwenye shifoni siku hiyohiyo, na kitu pekee nilichobadilisha ni rangi ya uzi. Mwenye gauni alipokuja kulijaribu, akapitisha kidole kwenye mshono wa mbele, ule unaotoka kifuani hadi miguuni, akaniuliza, "Fundi, gauni ni jipya, mbona tayari lina makunyanzi?"

Nikafanya wanachofanya mafundi wengi. Nikashika nati ya tensheni, ile inayokaza na kulegeza uzi wa juu, nikalegeza. Haikusaidia, nikalegeza tena. Mshono uliendelea kuvuta, na sasa uzi wa juu ukawa unateremka chini na kutoa vitanzi. Badala ya ugonjwa mmoja nikawa na miwili.

Siku hizi nati siigusi mpaka kitambaa chenyewe kiniambie shida iko wapi. Kata vipande viwili vya kitambaa kilekile unachoshona, vya urefu sawa, kama sentimita 30, ukifuata urefu wa jora. Vipande vya mshazari vitakudanganya, maana mshazari hauvuti sana. Shona vyote pamoja kwa mstari mmoja bila kukivuta kitambaa, kisha vilaze mezani.

Tazama ncha kwanza. Kipande cha juu kikizidi cha chini, hata kwa urefu wa punje ya mchele, basi meno, yale ya chini yanayosukuma kitambaa, yanakula cha chini haraka, na mguu unaokandamiza kwa juu unakibana cha juu. Zikiwa sawa na mshono bado unavuta, chukua wembe au makasi madogo, ukate uzi wa juu peke yake, hapa na pale, kila baada ya sentimita tatu hivi. Kitambaa kikishusha pumzi na kulala, uzi wa juu ndio uliokazwa. Kisipolala, geuza ukate wa chini vivyo hivyo. Kikilala sasa, kosa liko kwenye bobini, kile kigurudumu cha uzi wa chini. Na ukikata zote mbili makunyanzi yakabaki palepale, acha kabisa habari za tensheni: nyuzi za kitambaa chenyewe zimesongamana kwa sababu sindano na uzi vimeingia mahali pasipo na nafasi. Ni kiti cha matatu cha watu watatu. Ukimsukumia wa nne, wote wanakaa upande.

Mimi nilikuwa kwenye hilo la mwisho. Ndani ya cherehani kulikuwa na sindano namba 16, ya khaki, ambayo ilikuwa imeshona sare tangu shule zifunguliwe. Kwa shifoni na voili weka namba 9. Kwa satini nyepesi na bitana, 11 inatosha. Kwenye pakiti utaona pia namba za upande wa pili: 9 ni 65, 11 ni 75, na ile yangu ya 16 ni 100. Ukienda dukani beba sindano yako ya zamani uilinganishe, kwa sababu sindano za cherehani za nyumbani zina upande mmoja bapa kwenye shina, na za mashine nyingi za kiwandani ni mviringo. Na iwe mpya. Pitisha ncha yake juu ya ukucha, ikikwaruza, itupe. Kuna wateja wamewahi kunilipia gauni la maelfu na mimi nikabania sindano ambayo bei yake haifiki chai na mandazi.

Uzi nao uwe mwembamba. Uzi wa jinzi haufai hapa hata kama rangi imekubali. Halafu kuna jambo ambalo mafundi wengi hawaliamini mpaka liwapate: uzi wa poliesta unanyooka ukivutwa, kisha unarudi. Ukijaza bobini kwa kasi huku uzi umekaza, unajizungusha ukiwa umenyooshwa. Utashona vizuri jioni, asubuhi ukute mshono umejikunja wenyewe kwenye hanga. Jaza bobini polepole, na usiifurishe.

Urefu wa mshono uwe milimita 2 hadi 2.5. Cherehani nyeusi za kukanyaga, baadhi zinaandika idadi ya mishono kwa inchi. Hapo weka 10 hadi 12. Wengine hudhani kitambaa chepesi kinataka mishono midogomidogo sana. Kila mshono unaoongeza ni uzi mwingine unaouchomeka kwenye kile kiti cha matatu.

Kama kipimo kilionyesha ncha hazilingani, legeza skurubu iliyo juu ya kichwa cha cherehani, inayokandamiza mguu, kidogo kidogo huku ukijaribu. Usiilegeze mpaka kitambaa kianze kutangatanga. Unaposhona, weka mkono mmoja nyuma ya sindano na mwingine mbele, ukishike kitambaa kimenyooka, lakini acha meno yakisukume yenyewe. Ukikivuta, utapinda sindano.

Tensheni sasa, kama wembe umekuonyesha ndiyo yenye kosa. Safisha kabla ya kuzungusha chochote. Wazee husema jina Nakuru limetokana na neno la Kimaasai la vumbi, na mimi nashonea barazani, sihitaji ushahidi zaidi. Inua mguu ili visahani vya tensheni viachane, kisha pitisha kipande cha kitambaa katikati yake. Toa pia manyoya yaliyonasa chini ya kile kibati cha kesi ya bobini, yaani kikopo inamokaa bobini. Mara nyingi kazi inaishia hapo. Isipoishia, ning'iniza kesi kwa uzi wake: isishuke yenyewe, lakini ukitikisa mkono kidogo iteremke kiasi na kusimama. Skurubu yake ni ndogo, robo mzunguko ni safari ndefu. Chini pakishakuwa sawa, ndipo urudi juu kwenye nati.

Kitambaa kikiendelea kuzama kwenye tundu la bamba, pale sindano inapopita, unapoanza kushona, hasa kwa cherehani za zigizaga ambazo tundu lake ni pana, tandika karatasi chini na ushone vyote pamoja, kisha uichane taratibu ukishikilia mshono kwa kidole gumba. Karatasi ya gazeti inaacha wino kwenye kitambaa cheupe. Nimelipa mtandio wa mtu kwa sababu hiyo. Natumia ile karatasi laini inayowekwa ndani ya maboksi ya viatu. Jirani yangu wa viatu huniwekea, nami namshonea zipu za mikoba bure.

Gauni la yule mama nilifumua mshono wote wa mbele nikaurudia kwa namba 9. Alipopitisha kidole mara ya pili hakusema kitu, akauliza tu kama nina nafasi ya mitandio miwili kabla ya Idd.