Kuchagua UPS ya kompyuta ya nyumbani: soma wati kabla ya VA

UPS ni kifaa chenye betri kinachoendelea kulisha kompyuta umeme ukikatika. Mwenye laptopu tayari ana betri, kwa hiyo aende moja kwa moja hatua ya 5. Mwongozo huu ni wa kompyuta ya mezani inayotumia umeme wetu wa 230V, unaokatika bila taarifa.

1. Pima matumizi. Weka kipima wati kati ya soketi na kompyuta, fanya kazi yako nzito ya kila siku, kisha soma. Usitegemee namba ya pawa saplai (kisanduku cha umeme ndani ya kompyuta): 500W ni kikomo chake, si matumizi yako. Kompyuta ya kuandikia na monita yake mara nyingi haifiki 120W.

2. Linganisha na wati za UPS. Hapa ndipo pesa nyingi hupotea. Boksi huandikwa 650VA (volti mara ampea) kwa herufi kubwa, na 360W kwa herufi ndogo ubavuni. Fuata hiyo ndogo, na mzigo wako usizidi theluthi mbili yake.

Kisha uliza betri. UPS ya ukubwa huo kwa kawaida hubeba betri moja ya 12V 7Ah (ampea-saa 7). Kwa hesabu ya karatasi hiyo ni 84Wh (wati-saa, yaani 12 mara 7), kwa hiyo mzigo wa 200W ungedumu dakika 25. Haudumu. Zile 7Ah hupimwa kwa kuimaliza betri taratibu kwa saa 20. Ukiinyonya kwa kasi hutoa pungufu sana, na sehemu nyingine hupotea kama joto. Tarajia dakika 7 hadi 10 betri ikiwa mpya: zinatosha kuhifadhi kazi na kuzima. Anayetaka saa kadhaa anunue inverta na betri ya 100Ah. Kulundika VA huku betri ni ileile hakuongezi dakika.

3. Angalia wimbi la umeme unaotoka kwenye UPS. UPS za bei ya chini hutoa wimbi la ngazi, lisilo laini kama la umeme wa ukutani. Baadhi ya pawa saplai zenye PFC hai (sakiti inayorekebisha jinsi zinavyovuta umeme) hulikataa: umeme ukikatika kompyuta inazimika papo hapo, ilhali UPS bado inalia. Watu hulaumu betri na kuibadilisha bure. Dawa ni UPS ya wimbi safi la saini (pure sine wave). Iwe pia na AVR (kidhibiti volti), ili umeme ukipanda na kushuka isikimbilie betri kila mara.

4. Iunganishe. Ichaji saa 8 kabla ya kuitegemea, na uiweke mbali na jua. Joto huua mapema betri za madini ya risasi kama hii. Printa ya leza ichomeke ukutani, maana kipasha-joto chake huvuta mamia ya wati kwa mkupuo. Jaribu kwa kuzima swichi ya soketi, usichomoe plagi, ili waya wa ethi ubaki umeunganishwa.

5. Ruta. Kwa ruta ya intaneti inatosha UPS ndogo ya DC, inayotoa volti ndogo kama adapta yake. Soma volti kwenye adapta ya ruta kwanza: ruta ya 9V ukiipa 12V unaweza kuiunguza.