Somo: Uzamili wa Jiografia, Kuanzia Maombi hadi Tasnifu

Ndugu wanachama, wengi mmeniomba nieleze namna ya kusoma shahada ya uzamili ya jiografia hapa Tanzania. Nitaanza na jambo ambalo waombaji wengi huliacha hadi mwisho: chagua mahali pa utafiti wako kabla hujajaza fomu. Anayejua tangu mwanzo kwamba atachunguza mafuriko ya bonde la Msimbazi, au mikoko ya delta ya Rufiji, huandika maombi yanayoeleweka, tena hupata msimamizi anayelifahamu eneo lenyewe.

Hatua ya kwanza ni vyeti. Kwa kawaida hutakiwa angalau daraja la pili la chini katika shahada ya kwanza, ambalo kwa kipimo chetu cha alama 5 huanzia GPA (wastani wa alama zako zote) ya 2.7. Aliyesoma nje ya nchi apeleke cheti chake Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU) kikatambuliwe, na afanye hivyo mapema. Wadhamini wako, yaani wanaokuandikia barua za mapendekezo, wawe walimu waliokufundisha. Kwangu mimi, barua ya mhadhiri aliyekuona ukifanya kazi uwandani ni bora kuliko ya mkubwa asiyekukumbuka.

Hatua ya pili ni masomo ya darasani, nayo haiwasumbui wengi. Kazi hasa iko katika hatua ya tatu, yaani pendekezo la utafiti, kwa sababu hapo ndipo unapotakiwa kuonyesha kwamba data unazozitaja zipo na zinafaa. Matokeo ya sensa ya 2022 yako Ofisi ya Taifa ya Takwimu, rekodi za mvua ziko Mamlaka ya Hali ya Hewa, na picha za satelaiti za Landsat, zilizoanza kupigwa mwaka 1972, hupatikana bure, kama ilivyo programu ya QGIS ya kuchorea ramani.

Lakini picha ya bure inaweza kukupoteza. Katika utafiti wangu wa misitu ya miombo nililinganisha picha ya Machi ya mwaka mmoja na picha ya Septemba ya mwaka mwingine, ramani ikaonyesha msitu umekwisha, nami nikaandika kurasa kadhaa kuhusu wakata mkaa. Msimamizi wangu aliitazama ramani ile kimya, kisha akauliza, “Hizi ni za miezi gani?” Miombo hupukutisha majani wakati wa kiangazi, na kompyuta ilikuwa imeyahesabu matawi matupu kuwa ardhi iliyofyekwa. Nilirudia kazi yote kwa picha za msimu mmoja.

Hatua ya nne ni kibali. Barua ya chuo hupelekwa kwa Katibu Tawala wa Mkoa, kisha hushuka wilayani, kwenye kata, hadi kwa mtendaji wa kijiji. Beba nakala za kutosha, na usipange hojaji wakati wa palizi, maana utakuta nyumba zimefungwa na watu wote wako shambani. Ukirudi, anza kuandika sura ya matokeo wiki hiyo hiyo, ungali unakumbuka sura za watu na njia ulizopita. Baada ya msimamizi kuridhika, tasnifu huenda kwa watahini, nawe hurekebisha wanachokuelekeza, hoja moja baada ya nyingine.

Maswali ya wanachama

*Shikamoo mwalimu. Nilisoma ualimu wa jiografia na Kiswahili. Je, ninaweza kuomba?*

Marahaba. Omba, kwa kuwa jiografia ulisoma kama somo la kufundishia. Hata hivyo kagua transkripti yako, na kama masomo ya takwimu na ramani ni machache, anza kujifunza QGIS sasa.

*Mwajiri amenipa ruhusa ya mwaka mmoja tu. Nifanyeje?*

Tumia mwaka huo kwa masomo ya darasani na pendekezo, kisha chagua eneo la utafiti lililo karibu na kituo chako cha kazi, ili ukusanye data siku za mapumziko.

*Nachunguza mikoko ya Rufiji, lakini picha nyingi zina mawingu.*

Jaribu picha za rada za satelaiti ya Sentinel-1, kwa sababu mawimbi ya rada hupenya mawingu. Andika pia saa ya kila picha na hali ya maji siku hiyo, kwani bamvua, yaani maji makuu ya bahari, likijaa hufunika matope na miche midogo, na mkoko uliopo utaonekana haupo.