Jinsi ya kushirikisha mafaili kati ya kompyuta za Windows na seva ya Linux

Windows na Linux hazina lugha moja ya kupeana mafaili. Mkalimani wao ni Samba, programu aliyoianzisha Andrew Tridgell mwaka 1992 kule Australia. Kuiweka ni kazi ndogo. Kinachowasumbua watu ni ruhusa, na hapo ndipo nitakapokaa zaidi.

Hatua ya 1. Kwenye Debian au Ubuntu:

sudo apt install samba

Hatua ya 2. Tengeneza kikundi na folda.

sudo groupadd ofisi
sudo mkdir -p /srv/hati
sudo chgrp ofisi /srv/hati
sudo chmod 2770 /srv/hati

Tafadhali usiiache ile 2 ya mwanzo. Ndiyo inayofanya kila faili jipya lirithi kikundi cha folda. Ikikosekana, faili la Asha linabaki na kikundi cha Asha mwenyewe, na Juma hata kulifungua hawezi. Wengi wakifika hapo hukimbilia chmod 777. Hilo silikubali kabisa: yeyote mwenye akaunti kwenye seva ataweza kufuta kazi za wenzake.

Hatua ya 3. Ongeza watumiaji, mmoja mmoja.

sudo useradd -M -s /usr/sbin/nologin -G ofisi asha
sudo smbpasswd -a asha

Nywila ya Samba huhifadhiwa peke yake, mbali na ile ya Linux.

Hatua ya 4. Fungua /etc/samba/smb.conf, uandike mwishoni:

[hati]
path = /srv/hati
valid users = @ofisi
read only = no
create mask = 0660
directory mask = 2770

Usipoweka create mask (ruhusa za mafaili mapya), Samba hutumia 0744: wenzako watasoma faili lako, lakini hawatalihariri.

Hatua ya 5. Endesha testparm ikuonyeshe makosa ya uandishi, kisha:

sudo systemctl restart smbd

Kwenye Windows, andika \\192.168.1.10\hati (weka anwani ya seva yako) juu ya dirisha la mafaili. Ikiwa seva ina ngome (firewall), ruhusu poti 445, ambayo Samba huitumia, kwa mtandao wa ndani tu. Usiifungue kwa intaneti. WannaCry, programu hasidi ya mwaka 2017, ilisambaa kupitia poti hiyohiyo.

Ukiingia lakini ukakataliwa kuandika, jaribu kwenye seva yenyewe:

sudo -u asha touch /srv/hati/jaribio

Ikikataa, kosa liko kwenye ruhusa za Linux. Rudi hatua ya 2, smb.conf usiiguse.