Sukari 6.4 Saa Ngapi? Jinsi ya Kupima na Kuisoma Namba

Mashine ya kupima sukari ya damu ikisoma 6.4 (milimoli kwa lita), uliza kwanza umekula saa ngapi. Kama ni saa saba mchana na umetoka kibandani kula chapati mbili na maharagwe, 6.4 haina neno. Kama ni saa moja asubuhi na hujatia kitu mdomoni tangu jana, 6.4 hiyo hiyo ni dalili kwamba unaelekea kwenye kisukari. Ndiyo maana kujipima kwenye kemisti ukiwa mbioni kwenda stage kunaweza kumtisha asiye na shida na kumtuliza aliye nayo.

Anza na sukari ya kufunga. Kaa bila kula usiku kucha, kwa muda wa angalau masaa manane. Maji unywe, chai iache hata kama ni ya rangi. Asubuhi nawa mikono kwa sabuni na uikaushe kabisa. Wengi huharibu hapa: utomvu wa embe uliobaki kidoleni huipandisha namba, na kidole chenye maji huizimua damu, namba ikashuka. Dunga ubavuni mwa ncha ya kidole, maana katikati kunauma zaidi. Damu ikigoma kutoka, teremsha mkono na uutikise kidogo. Usikamue kidole kama chungwa. Vijiti vya kupimia vitazamwe tarehe, na kopo lake lifungwe papo hapo, kwa sababu unyevu huviharibu.

Hata ukifuata yote hayo, mashine ya nyumbani inaweza kupotoka kwa asilimia 10 au 15. 7.0 yake huenda ikawa 6.3 ya maabara. Kwa hiyo itumie kujichunguza tu; ugonjwa wenyewe huthibitishwa kwa damu ya mshipa iliyopimwa maabara.

Sukari ya kufunga iliyo chini ya 5.6 ni ya kawaida. Kutoka 5.6 hadi 6.9 ni hatua ya kabla ya kisukari kwa vigezo vya Marekani. Shirika la Afya Duniani huanzia 6.1. Kuanzia 7.0 ni kisukari, ila kama huna dalili, kipimo kirudiwe siku nyingine. Ukipimwa wakati wowote, 11.1 au zaidi pamoja na kiu kali, kukojoa kila mara na kukonda ni kisukari. Na mashine ikikuonyesha 126, usipige mayowe: hiyo inahesabu kwa miligramu. Gawanya kwa 18, utapata 7.0.

Kipimo cha damu kiitwacho HbA1c huonyesha wastani wa sukari yako kwa miezi miwili hadi mitatu, na hakihitaji kufunga. Asilimia 5.7 hadi 6.4 ni tahadhari, 6.5 kwenda juu ni kisukari. Mwambie daktari kama una upungufu wa damu, selimundu, au umeongezewa damu karibuni, kwani majibu yanaweza kudanganya.

Usingoje kiu ndipo upime. Kisukari cha aina ya pili hukaa miaka kimya. Mwenye mzazi au ndugu anayeugua, kitambi, presha, au aliyepata sukari akiwa mjamzito, apime hata akijihisi mzima.

Ukikutwa katika hatua ya kabla, bado kuna nafasi. Utafiti wa Marekani uliochapishwa 2002 ulionyesha kwamba kupunguza uzito kwa asilimia 7 hivi na kufanya mazoezi dakika 150 kwa wiki kulipunguza hatari ya kupata kisukari kwa asilimia 58. Hizo ni dakika 30 kwa siku tano: shuka matatu stage mbili kabla ya kwako. Soda ndogo ya mililita 300 huwa na sukari ya vijiko vya chai saba au vinane, basi anza kukata hapo kabla ya kugombana na ugali. Ugali wenyewe uwe robo ya sahani, sukuma ijaze nusu.

Mtu mwenye sukari ya juu akianza kutapika, kuhema kwa nguvu, kunuka matunda mdomoni au kuchanganyikiwa, mpelekeni hospitali papo hapo, hata kama ni usiku.