Ukishuku cheni ya taimingi, kabla hujafungua injini

Injini ya 1NZ ya Toyota, ile ya Vitz, IST na Probox nyingi za miaka ya 2000, haina mkanda wa taimingi. Ina cheni, inayounganisha krenkishafti (mhimili unaozungushwa na pistoni) na kemshafti (mhimili unaofungua vali), na umri wa cheni unategemea sana oili. Kwa hiyo anza na dipstiki, spana baadaye. Tenshena, kile kifaa kinachokaza cheni, husukumwa na presha ya oili. Oili ikipungua au ikigeuka tope, hata cheni nzima hulegea na kupiga kelele. Mwaga oili ya zamani, weka filta mpya na oili mpya, kisha sikiliza upya.

Sikiliza asubuhi, gari likiwa limelala usiku kucha. Mtu apige stata, wewe simama upande wa puli. Mkwaruzo wa sekunde mbili tatu kisha kimya, mara nyingi ni oili imechelewa kufika kwenye tenshena. Ukiendelea hadi injini imepata moto, hapo pana jambo. Lakini beringi ya altaneta huiga sauti hiyo vizuri mno! Vua feni belti, washa kwa sekunde chache tu maana pampu ya maji nayo imesimama. Kelele ikitoweka, cheni haina kosa.

Mashine ya kupimia ikitoa P0016, namba ya hitilafu, maana yake kemshafti na krenkishafti hazipatani. Mafundi wengi wakiiona namba hiyo hutaja bei ya cheni papo hapo. Kumbe vali ya oili ya VVT-i (mfumo unaobadilisha wakati wa vali kufunguka) ikiziba kwa uchafu inaweza kuleta namba ileile, na kuisafisha ni kazi ndogo.

Gari likizima njiani, na stata sasa inazungusha injini kwa wepesi usio wa kawaida, acha. Usirudie, wala usikubali kusukumwa: cheni ikiruka meno, pistoni inaweza kugonga vali.

Hapo ndipo tapeti kava, kifuniko cha juu ya injini, inafunguliwa. Zungusha puli kwa spana, taratibu, kufuata mwendo wa saa, ikigoma usilazimishe. Alama ya puli ikifika sifuri, alama za gia za kemshafti zitazame juu. Zikiwa chini, ongeza raundi moja. Pingili za rangi kwenye cheni zisikutishe zisipolingana na alama. Hizo ni za siku ya kufunga.

Ikibidi kununua, nunua cheni, tenshena na reli zinazoongoza cheni (mafundi huziita gaidi) pamoja, vyote vipya. Cheni ya mtumba hujui ilinyweshwa oili gani.