Chungu cha darasani mpaka kitoke motoni: jinsi ninavyofundisha ufinyanzi Darasa la Tano hapa Mbeya

Katika shule nyingi kazi ya udongo huishia kwenye ng'ombe. Mtoto anamfinyanga, ng'ombe anakauka dirishani, wiki ya pili pembe imevunjika, ya tatu ameshatupwa. Naomba tusiishie hapo. Akina mama wa Kikisi wa Ikombe, kule Ziwa Nyasa linakogusa milima ya Livingstone, wanafinyanga bila gurudumu, kwa mikono tu, na sehemu ngumu ya ujuzi wao iko kwenye kukausha na kuchoma. Mtoto asiyefika kwenye moto bado hajajifunza ufinyanzi.

Tenga wiki nne. Mimi huanza Agosti, mvua zikiwa bado mbali.

1. Leta chungu halisi. Kizungushe darasani, kila mtoto akishike, akigonge kwa kucha, achungulie ndani. Usieleze kitu. Uliza tu: kwa nini hakina kitako bapa? Waache wabishane. Atatokea mmoja aliyekulia kwa bibi yake atakayetaja mafiga: chungu cha mviringo kinakaa imara juu ya mafiga matatu, moto unakilamba pande zote, na hakina kona ya kuanzia ufa. Kisha wape kazi ya nyumbani: waulize kinaitwaje kwa lugha ya kwao. Darasani kwangu kuna Wanyakyusa, Wasafwa, Wandali na Wakinga, na kesho yake ubao unajaa.

Kama mtaani kuna bibi anayefinyanga, mwalike, mlipie nauli na siku yake. Mtandikie mkeka, kwa sababu kazi hii hufanyika chini. Watoto wampe shikamoo, halafu wewe mwalimu keti nao ufundishwe.

2. Udongo. Watoto 60, kila mmoja bonge la kujaa ngumi, wanatoshwa na ndoo moja ya lita 20 na unabaki. Chimba kwenye kingo za kijito au bondeni, chini ya tabaka la udongo mweusi wenye mizizi. Pima hivi: sokota kijiti cha udongo chenye unene wa penseli, kizungushe kidoleni. Kikipasukapasuka, tafuta kwingine. Loweka usiku kucha, toa mawe na mizizi, kisha ukande kama unga wa chapati mpaka viputo vya hewa viishe.

Changanya na vigae vya vyungu vilivyotwangwa, kopo moja kwa makopo matano ya udongo. Chembe hizo hupunguza kusinyaa na kuacha njia ya mvuke kutokea. Vitwange vikiwa na unyevu, maana vumbi lake linadhuru mapafu. Na mwisho wa kipindi futa meza kwa kitambaa kibichi, usifagie pakavu.

3. Kufinyanga. Omba vipindi viwili vinavyofuatana. Weka bonge juu ya kigae au kipande cha boksi ili mtoto azungushe kazi yake badala ya kuizunguka yeye. Dole gumba linazama katikati, linaacha kitako chenye unene wa sentimita moja hivi, kisha ukuta unabanwa na kupandishwa taratibu. Anayetaka kirefu aongeze mikanda ya udongo, lakini kila kiungo akichokore pande zote mbili na kukipaka uji wa udongo, la sivyo kitaachana kikikauka. Gunzi la hindi lililoloweshwa linasawazisha ukuta vizuri. Usiwarekebishie. Chungu kilichopinda ni cha kwake, na namba yake iandikwe kitakoni kwa kijiti.

Kesho yake, udongo ukiwa mgumu kama ngozi ya kiatu, wachore nakshi kwa kitana au kamba, na wasugue sehemu nyingine kwa kokoto laini mpaka ing'ae.

4. Kukausha. Hapa ndipo nilipoharibu mwaka wa kwanza. Nilichoma baada ya siku nne, vyungu vikapasuka kwa mshindo mmoja baada ya mwingine, na watoto wakilia mbele yangu. Hapa Mbeya, kwenye mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi. Unyevu uliobaki ukutani unageuka mvuke mapema na kuvunja chungu. Na upepo wetu wa Agosti unakausha upande mmoja ukiacha mwingine. Kwa hiyo funika kwa nailoni siku mbili, vigeuze juu chini, kisha viache kivulini wiki mbili kamili. Gusisha chungu shavuni: kikiwa cha baridi bado kina maji.

5. Kuchoma. Pata ruhusa ya mwalimu mkuu, chagua uwanja ulio mbali na madarasa na nyasi, weka ndoo za maji na mchanga. Moto washike watu wazima. Watoto wakae nyuma ya mstari. Panga vyungu kuzunguka moto mdogo kwa saa mbili, ukivigeuza. Ndipo uvihamishie juu ya kuni, midomo chini, ufunike kwa kinyesi kikavu cha ng'ombe na nyasi, uziwashe. Moto ukipita nyuzi 600 udongo haurudi tena kuwa tope, hata ukiulowesha. Usichokonoe wala kumwagia maji. Viache mpaka asubuhi.

Asubuhi kila mtoto agonge chake kwa kucha. Kinacholia kimeiva, kinachotoa sauti nzito kina ufa. Vizima vichemshie uji mwepesi wa mahindi ndani yake, wanga uzibe vitundu, maana bila hivyo vitavuja. Vilivyopasuka weka kwenye kiroba kwa ajili ya kutwanga mwakani, na wenyewe wapatie udongo uliobaki kwenye ndoo waanze upya wiki hiyohiyo.